Ivan III alijua pa kuinama

Wanafunzi wangu wakifika kwa Ivan III, aliyetawala Moscow kuanzia 1462 hadi 1505, hutaka kusikia habari za vita. Mimi huanza na maelekezo aliyowapa wajumbe wake. Mengi yamehifadhiwa, na ukiyasoma unakutana na mtu anayepima maneno kama sonara anavyopima dhahabu.

Chukua uhusiano wake na Mengli Giray, khani wa Krimea. Mjumbe wa Moscow akisimama mbele ya khani alitamka kwamba bwana wake "anapiga paji la uso chini". Hiyo ni salamu ya mdogo kwa mkubwa, shikamoo ya kugusa sakafu. Wala nchi ya Ivan haikuwa dhaifu. Aliinama kwa kuwa Krimea ilikuwa jirani wa maadui zake wawili: Lituanya upande mmoja, na Watatari wa Kundi Kuu waliodai kodi upande wa pili.

Faida yake ilionekana vuli ya 1480. Khani Ahmed wa Kundi Kuu alifika ukingoni mwa mto Ugra, akimsubiri mshirika wake Kazimierz IV wa Polandi na Lituanya. Majeshi yakatazamana hadi Novemba. Kazimierz hakutokea: alikuwa na matatizo nyumbani, na wapiganaji wa Mengli Giray walikuwa wamevamia Podolia, nchi iliyokuwa chini yake. Ahmed akarudi alikotoka, na Januari iliyofuata akauawa na Watatari wenzake.

Lakini Ivan hakumwachia rafiki yake kamba yote. Nur Devlet, kaka wa Mengli Giray aliyewahi kukalia kiti cha Krimea, alikuwa akiishi kwa hifadhi ya Moscow. Ivan alimweleza khani kwamba anamtunza ndugu huyo kwa ajili yake. Ni kweli, mgeni yule hakuweza kurudi kumsumbua. Ni kweli pia kwamba siku yoyote angeweza kuachiwa.

Kuna jambo moja hapa ambalo hunielemea kila nikilifundisha. Mwaka 1482 Mengli Giray, kwa kuhimizwa na Ivan, aliiteka na kuichoma Kyiv iliyokuwa chini ya Lituanya. Kisha akamtumia Ivan kalisi na patena, yaani kikombe na sahani za ibada, za dhahabu kutoka kanisa la Mtakatifu Sofia. Ivan alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, na kanisa lile lilikuwa kama mama wa imani yake mwenyewe. Ushirika haukuvunjika. Mimi siwezi kuusifu ustadi wake bila kuvitaja vyombo vile.

Kwa watawala wengine alisimama wima. Mwaka 1489 Nikolaus Poppel, mjumbe wa Kaizari Friedrich III wa Dola Takatifu la Roma, alimwahidi cheo cha ufalme. Akajibiwa kwamba watawala wa Moscow wamepewa nchi yao na Mungu tangu mababu, na hawahitaji kusimikwa na mtu. Wanaoona kiburi katika jibu hilo naona wanakosea. Anayekupa taji anaweza kudai kwamba ana haki ya kukuvua. Kumpigia paji la uso khani kulikuwa adabu tu ya barazani, na heshima si utumwa.

Kwa Sultani Bayezid II wa Milki ya Osmani alikwenda mbali zaidi. Mikhail Pleshcheev, aliyetumwa 1496, aliagizwa asipige magoti, asimpishe mjumbe wa nchi yoyote, na ujumbe wake aufikishe kwa Sultani mwenyewe, si kwa mapasha, yaani mawaziri wake. Akayatii maagizo hayo neno kwa neno. Mapasha walimwalika chakula, wakampa mavazi na fedha, vyote akavikataa. Bayezid akamlalamikia Mengli Giray, aliyekuwa chini ya himaya yake, kwamba Moscow imemletea mtu asiyejua adabu.

Hata hivyo Sultani alitaka urafiki, na Moscow ilitaka wafanyabiashara wake waachwe kwa amani huko Azov na Kaffa, bandari zilizokuwa chini ya Sultani. Mwaka 1499 mjumbe mwingine, Alexander Golokhvastov, akashika njia ya Istanbul.