"Jumla si ni ileile?" Dhana potofu kuhusu vipimo kwenye michoro ya mashine

Mwezi huu nimeisikia mara tatu. Ya mwisho ilikuja na mteja wa Kibaigwa, aliyefika karakana yetu ya Kizota akiwa na pleti iliyotobolewa kwingine, mchoro wake, na kijana aliyeuchora. Ni pleti ya kushikia mashine ya kukamua alizeti: matundu sita, kila moja milimita 120 kutoka kwa mwenzake, vipimo vimefuatana kama mabehewa ya treni. Nikamuuliza kijana kwa nini hakuvianzisha vyote kwenye ukingo mmoja. "Hiyo ni staili tu, mzee. Jumla si ni ileile?"

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye chuma, hapana, na nimechoka kulieleza hili kwa watu wenye vyeti.

Mchoro ulitoa toleransi, yaani kosa linaloruhusiwa, ya nusu milimita, kuzidi au kupungua, kwa kila nafasi. Kati ya tundu la kwanza na la sita kuna nafasi tano. Maana yake mchoro wenyewe umeruhusu tundu la mwisho lihame hadi milimita 2.5 bila fundi kukosea popote. Tuliipima pleti kwa venia, kile kipimo cha taya chenye usahihi kuliko tepu: kila nafasi imezidi kwa takribani 0.4. Halali kabisa. Boliti ni M12, yaani unene wa milimita 12, matundu ya pleti ni 13.5, na fremu inayopokea ina matundu yenye thredi, ule msokoto unaoshika boliti, kwa hiyo hakuna pa kujisogeza zaidi ya ule uwazi wa milimita moja na nusu. Boliti nne ziliingia. Ya tano ilitaka nyundo. Ya sita, ukichungulia tunduni, unaona thredi imefunikwa ubavuni, umebaki upande tu kama mwezi mwandamo. Na mteja alikuwa ameshagoma kumlipa fundi wa watu, ambaye alifanya alichoandikiwa!

Vipimo vyote sita vingeanzia ukingo wa kushoto, kwa toleransi ileile ya nusu milimita, kosa la tundu moja lisingerithiwa na jingine. Tofauti kubwa kabisa kati ya matundu yoyote mawili ingekuwa milimita moja, na boliti zote zingeingia kwa mkono.

Sasa msikimbilie upande wa pili. Wapo wanaotoka hapa wameshika kwamba kila kitu kipimwe kutoka ukingoni, na hao nao wananirudia na kazi iliyoharibika. Hiyo milimita moja niliyoitaja ndiyo bei ya njia hiyo: matundu mawili jirani, kila moja likiwa na ruhusa yake ya nusu, yanaweza kupishana kwa jumla ya ruhusa zote mbili. Kwa boliti haina neno. Kwa mashafti mawili yenye gia zinazoumana, umbali kati ya senta na senta ndio roho ya kazi, basi uandike moja kwa moja kati ya hayo matundu mawili kwa toleransi finyu, halafu jozi nzima uipime kutoka ukingoni kwa toleransi ya kawaida. Umechanganya mitindo miwili kwenye mchoro mmoja, na si dhambi. Mimi kabla ya kuchora huwa namwendea fundi na kumuuliza ataegemeza tepu wapi na senta panchi, ile ncha ya kutia alama ya tundu, itaanza kugonga upande gani. Huo ukingo ndio sifuri yangu. Matundu yakizidi kumi na mbili hivi, mistari ya vipimo huwa utando wa buibui, kwa hiyo naweka sifuri kwenye kona na kuandika tu umbali wa kila tundu pembeni mwake.

Kinachokatazwa kuchanganywa ni mwelekeo wa maandishi. Ama namba zifuate mistari yake, zisomeke kutoka chini na kulia kama ISO, shirika la viwango vya kimataifa, inavyotaka, ama zote zilale mlalo kama Wamarekani wanavyopenda. Chagua moja kwa karatasi nzima. Fundi asigeuze shingo kila dakika.

Dhana nyingine: "Vipimo vikizidi ndivyo usalama unavyozidi." Hapana. Ukiandika nafasi tano za 120 na jumla ya 600, zote zikiwa na toleransi ya nusu milimita, umempa fundi amri mbili zinazogombana: anaweza kutimiza zile tano na akafeli ile moja. Ondoa kimoja, au hiyo 600 itie kwenye mabano ijulikane ni ya taarifa tu.

Na hii: "Kompyuta haikosei." Kompyuta inaandika 83.333 kwa sababu wewe hukuizuia. Mtu mwenye tepu ataifanyia nini hiyo?

Halafu kuna inchi. Wachoraji wetu wanachora kwa milimita, dukani tunanunua mabomba kwa inchi, na mtu anazidisha kwa 25.4 akadhani amemaliza. Bomba la maji la inchi moja lina kipenyo cha nje cha milimita 33 na ushee. Hiyo inchi ni jina tu. Wiki iliyopita nimeletewa flanji, ile sahani ya kuungia bomba, yenye tundu la milimita 26 na bomba la inchi moja, niviunganishe.