Asiyeona au aliyepooza hawezi kupanda miamba? Si kweli
Erik Weihenmayer, asiyeona kabisa, alifika kilele cha Everest mwaka 2001. Kinachokwamisha mara nyingi ni maelekezo mabovu: "hapo, hapo juu!" hayamsaidii mtu. Mwelekezi ataje kiungo, upande kwa namba za uso wa saa (12 ni juu, 3 ni kulia), kisha umbali: "mkono wa kulia, namba 2, nusu mkono." Aseme mapema, maana kupapasa huchosha vidole.

Aliyepooza miguu hujivuta kwa kamba iliyofungwa kwenye mkanda wake wa kupandia. Ikipita kwenye kapi (gurudumu la kamba) moja juu, atavuta karibu nusu tu ya uzito wake, lakini mita 2 za kamba kwa kila mita 1. Mkanda wa kiunoni pekee haumtoshi. Kiwiliwili kisicho na nguvu hupinduka. Ongeza wa kifuani, na kagua ngozi ya mapaja baadaye: asiyehisi maumivu hajui amechubuka.