Sarafu ya mchoroni si lazima iwe mfukoni

Wengi hapa Lamu huamini kwamba sarafu ya ukumbusho ikishapendekezwa na mchoro wake ukaonekana, basi lazima chache zilitengenezwa, na aliyenayo amelalia mali. Imani hii haikuzuka bure: sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ilitoka kweli na watu wakaiweka sandukuni.

Lakini pendekezo ni mwanzo tu. Marekani, kwa mfano, kila sarafu ya namna hii huhitaji sheria yake. Mswada usiopita ndani ya miaka 2 ya bunge husika hufa, na tangu 1999 mada haziruhusiwi kuzidi 2 kwa mwaka. Mengi huishia karatasini. Kwetu, ibara ya 231 ya Katiba ya 2010 hairuhusu picha ya mtu binafsi kwenye fedha, hivyo wazo lenye sura ya kiongozi limekwama mlangoni. (Sarafu za zamani zenye sura bado zatumika.)

Ukiletewa moja barazani Mkunguni, anza na ukingo: bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mshono, na usoni vitundu vidogo. Isiyo na thamani wala jina la nchi huenda ni medali tu. Sonara atakupimia gramu zake. Zilinganishe na katalogi ya sarafu. Ikikosekana humo, muulize muuzaji ilitoka kwa tangazo gani la Gazeti la Serikali.