Dakika 629 za Pedri na nyama za paja

Wiki iliyopita kijana wa kituo chetu cha soka alinijia akichechemea. Ana miaka 17, anacheza namba nane, yaani kiungo, katikati ya uwanja. Nikamuuliza kama Jumamosi alicheza. "Nilicheza, mwalimu." Na Jumapili? Akainamisha kichwa. Jumapili alikuwa kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, dakika 90 juu ya changarawe, kwa elfu kumi na soda. Nikafungua daftari: mechi ya shule Jumatano, yetu Jumamosi, ndondo Jumapili. Dakika 270 ndani ya siku tano.

Mimi ni kocha wa viungo, yaani wa mazoezi ya mwili, kazi ambayo wengi hudhani ni kukimbiza watu ufukweni asubuhi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhesabu. Nilimlaza kijana kitandani, nikaanza kumsimulia habari za Pedri, kiungo wa Barcelona na Hispania.

Pedri alizaliwa Novemba 2002, akakulia Tegueste, kisiwa cha Tenerife. Akiwa na miaka 16 alishaanza kucheza timu ya kwanza ya Las Palmas, daraja la pili Hispania. Barcelona walimchukua kwa ada ya kuanzia ya euro milioni 5, bei ambayo leo inachekesha. Msimu wake wa kwanza pale, 2020/21, klabu ilimtumia mechi 52. Ukijumlisha na za timu ya taifa, hesabu ilifika 73.

Tuangalie kiangazi kile cha 2021. Kwenye Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, Hispania ilicheza dakika 630, maana mechi tatu zilikwenda muda wa nyongeza. Pedri alicheza 629. Nusu fainali na Italia pale Wembley, Julai 6, alipiga pasi 66 na 65 zikafika. Mtaani watu walishangilia pasi, nami nilikuwa naangalia kalenda. Siku 16 baadaye alikuwa Sapporo, Japani, anaanza mechi ya kwanza ya Olimpiki. Fainali waliyofungwa na Brazil ilipigwa Yokohama Agosti 7, nayo ikaenda muda wa nyongeza. Agosti 15 yumo kwenye kikosi cha kwanza cha Barcelona dhidi ya Real Sociedad. Siku nane tu, na safari ya nusu dunia katikati. Alikuwa na miaka 18.

Katikati ya Septemba, baada ya mechi ya Bayern, paja la kushoto likagoma. Aprili 2022, usiku wa mechi ya Frankfurt, akaumia paja hilohilo kwa nyuma na msimu ukaishia hapo. Februari 2023, mechi ya Manchester United, ikawa zamu ya paja la kulia, mbele. Likarudia Agosti. Likarudia tena Machi 2024 kule Bilbao, akatoka uwanjani analia. (Lile la goti, alipogongana na Toni Kroos kwenye Euro 2024, silihesabu hapa. Kugongwa ni kugongwa.)

Watu wakisikia "nyama za paja" huwaza nyuma tu. Msuli uliomsumbua zaidi Pedri ni ule mrefu wa katikati, mbele ya paja. Unaanzia kwenye nyonga, unashuka hadi chini ya goti, kwa hiyo unavuka viungo viwili. Mguu ukienda nyuma kupiga shuti, nyonga imenyooka na goti limekunjwa: msuli umevutwa huku na huku kama mpira wa manati, kisha unatakiwa ukaze kwa ghafla. Hata kufunga breki unautesa, kwa sababu unarefuka huku umekaza. Sasa mfikirie mchezaji wa kiungo. Winga hukimbia akapumzika, beki wa kati husubiri. Kiungo hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, nyingi zikiwa za hatua tano, breki, geuka, hatua tano tena. Msuli uliochoka hufanya kazi hiyo vibaya, na uliowahi kuchanika hubaki na kovu ambalo halivutiki kama nyama nzima.

Siwezi kuapa kwamba yote yalitokana na kiangazi kile kimoja. Lakini kama ningekuwa na sauti pale, Olimpiki asingekwenda.

Msimu wa 2024/25, chini ya kocha Hansi Flick, Barcelona walimleta Julio Tous kusimamia viungo, mtu anayeamini sana mazoezi ya nguvu. Pedri akacheza karibu mechi 60 msimu huo, wakabeba ligi na Copa del Rey, naye akasaini mkataba hadi 2030. Mechi nyingi, ndiyo, ila safari hii mwili ulikuwa wa mtu mzima na ulikuwa umeandaliwa.

Kituoni kwetu hatuna mashine, tuna mkeka. Kijana anapiga magoti, mgongo na mapaja vimenyooka kama ubao, analala kinyumenyume polepole hadi paja la mbele linapoanza kutetemeka, halafu anarudi. Mara tano, mizunguko miwili, anaongeza kadiri wiki zinavyokwenda. Hiyo ni baada ya maumivu kuisha. Kwa sasa anatembea na kuendesha baiskeli tu.

Fainali ya ndondo ni Jumapili saa kumi. Kocha wao ameshapiga simu mara tatu. Ya nne nimepokea mimi.