Kwa nini kidonge kidogo cha aspirini kwa siku kinatosha

Wagonjwa waliowahi kupata mshtuko wa moyo huniuliza swali ambalo nalipenda sana. Aspirini ya kutuliza maumivu hunywewa kwa dozi kubwa, tena kila baada ya saa chache. Iweje hii ya miligramu 75 ilinde moyo kutwa nzima, ilhali dawa yenyewe haikai hata saa chache kwenye damu?

Siri imo kwenye chembe sahani. Hivi ni vipande vya seli kubwa za uboho, navyo huzunguka kwenye damu kwa siku 7 hadi 10. Mshipa ukichanika, au mafuta yaliyojijenga ndani ya ateri yakipasuka, chembe hizi hunata hapo na kumwaga kemikali za kuita wenzake, hasa thromboksani na ADP. Kwenye jeraha la mkono, huo ndio uhai wetu. Kwenye ateri ya moyo, yenye upana wa milimita chache tu, bonge hilohilo huua.

Aspirini hukiharibu moja kwa moja kimeng'enya kinachotengeneza thromboksani. Seli nyingi zinaweza kuunda kingine, kwa sababu zina kiini. Chembe sahani haina. Ikishapatwa na aspirini, haitoi tena thromboksani hadi inakufa. Dozi ya kesho ni ya kuzikamata chembe mpya, takriban moja ya kumi ya zote, ambazo uboho umezitoa tangu jana. Kwa hiyo damu haiwi nyepesi kama wengi wanavyodhani. Ni chembe zake tu zisizoitana kwa nguvu ileile.

Klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani, huziba kipokezi cha ADP, yaani mahali ADP inaponasa kwenye chembe hizo, ila ni lazima kwanza ini liigeuze ndipo ifanye kazi. Kuna watu ambao ini lao, kwa kurithi, huifanya kazi hiyo kwa udhaifu, na omeprazo, dawa ya asidi ya tumbo, nayo huipunguza. Tikagrelo, dawa ya tatu inayoziba kipokezi hichohicho, haisubiri ini, lakini huachia kipokezi baada ya muda, ndiyo maana hunywewa mara mbili kwa siku.

Ninaowahofia zaidi ni waliowekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoiweka ateri wazi. Chembe sahani huvutwa na chuma hicho kipya, kwa hiyo wengi hupewa dawa mbili pamoja kwa miezi kadhaa. Ukiziacha mapema kwa kuwa unajisikia vizuri, stenti inaweza kuziba ghafla. Hata ukitakiwa kung'olewa jino, muulize kwanza daktari wako wa moyo. Ibuprofeni pia, ikitangulia aspirini, hukalia nafasi yake kwenye kimeng'enya na kuizuia isifanye kazi.

Kwa mtu asiyewahi kuugua moyo wala kiharusi, sipendi aanze aspirini kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa maana hatari ya kutoka damu tumboni au kwenye ubongo inaweza kuzidi faida. Na wewe unayeitumia, ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.