Kusogeza kitabu karibu hakumalizi macho

Mtoto mwenye ualbino akiinamia daftari mpaka pua ikaribie kugusa karatasi, mara nyingi huambiwa akae wima asije akayamaliza macho. Onyo hilo, hata likitolewa kwa nia njema, halina msingi, kwa sababu uoni hafifu haupungui kwa kutumiwa. Katika ualbino, upungufu wa melanini (rangi asilia ya ngozi, nywele na macho) huifanya sehemu ya katikati ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga), ambayo ndiyo hutambua maumbo madogo kama herufi, isikomae ipasavyo. Na kwa kuwa kasoro iko huko nyuma ya jicho, miwani husaidia kiasi tu. Kusogeza maandishi kutoka sentimita 40 hadi 10 huyafanya yaonekane makubwa mara 4, kwa hiyo mtoto amejipatia lenzi ya kukuzia bila kulipa chochote. (Wengi huligundua hilo wenyewe, kabla hata ya kufikishwa kliniki.) Kinachochoka ni shingo, na meza yenye mwinamo huipunguzia kazi. Ubaoni, darubini ndogo ya mkononi, kiti cha mbele kisichotazama dirisha lenye mwanga mkali, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachokiandika humfaa kuliko kumlazimisha nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole) ilhali anaweza kusoma maandishi ya kawaida.