Kwa nini msitu wa Kilimanjaro huishia pale unapoishia

Wapandaji wengi huelezwa Kilimanjaro kama ngazi: mashamba, msitu, vichaka, jangwa, barafu. Mimi ni mtaalamu wa mimea, na maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu yanaifanya baridi ionekane ndiyo mpangaji pekee.

Ni kweli kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 za Selsiasi kila ukipanda mita 100. Lakini kama ni baridi tu, upande wa Moshi, kusini, ungefanana na upande wa Rongai, kaskazini. Kusini, upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima, ukapanda, ukapoa na kumwaga mvua. Mvua nyingi kuliko zote hunyesha karibu mita 2,200, wala si kileleni. Ndiyo maana juu ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, penye migomba na mibuni, unaingia kwenye msitu wa kafuri, Ocotea usambarensis, miti minene iliyofunikwa ukoga. Kaskazini, kwa mwinuko uleule, utakuta mitarakwa na mizeituni mwitu, miti inayostahimili ukame. Hata mianzi inatukumbusha hivyo: Mlima Meru, jirani wa karibu, una ukanda wake, lakini Kilimanjaro hauna.

Kuanzia mita 4,000 hivi baridi hushika usukani kweli. Huko mchana ni kiangazi na usiku ni jalidi, siku zote za mwaka. Dendrosenecio kilimanjari, mmea mkubwa mfano wa mti, haiangushi majani yake makavu. Huyaacha yalizunguke shina yawe blanketi. Lobelia deckenii, mmea mwingine mkubwa wa huko, hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu, na kichipukizi kilichoko chini yake husalimika. Nimeiona mara nyingi na bado hunisisimua. Juu zaidi mvua ni haba mno, ni mawe na mimea michache tu.

Sasa mpaka wa juu wa msitu. Miti ya erika, yaani Erica excelsa na ndugu zake, ina uwezo wa kuishi juu kuliko inavyoonekana leo katika sehemu nyingi. Mtafiti Andreas Hemp, kwa kulinganisha picha za setilaiti tangu 1976, alionyesha kwamba moto ndio umeushusha mpaka huo. Hali ya hewa imekauka, na cheche ya mrina asali yatosha. Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, tuliushuhudia mlima ukiwaka.

Hasara ya kuupoteza msitu huo ni ya maji. Majani membamba ya erika hunasa ukungu na kuudondosha ardhini matone kwa matone, hata siku isiyo na mvua. Erika huvumilia moto mmoja, lakini ikichomwa tena na tena hubaki vichaka, na vichaka havinasi ukungu kama miti. Kwa hiyo anayetaka mifongo, ile mifereji ya maji ya vihambani, iendelee kutiririka asiishie kuhesabu barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu. Aulize kwanza habari za moto kwenye erika.